Diski Inapotoa Ishara ya Kosa: Somo kwa Mwenye Kompyuta ya Nyumbani yenye Safu ya RAID

Mkoani Singida, kama ilivyo katika mikoa mingine, kompyuta ya nyumbani imekwisha kuacha kuwa chombo cha kuandikia barua tu. Mpiga picha wa harusi wa mjini Singida huhifadhi ndani yake filamu za sherehe ambazo wateja bado hawajazichukua. Karani wa chama cha msingi cha ushirika huko Ikungi au Mkalama huweka humo orodha ya wakulima wa alizeti na kilo walizopeleka, na mwenye mashine ya kukamua mafuta huweka hesabu za msimu mzima. Baadhi yao, kwa ushauri wa fundi, wamefungiwa kompyuta yenye diski kuu mbili, tatu au nne zinazofanya kazi kwa pamoja. Mpangilio huo huitwa RAID. Somo hili linahusu siku ambayo kompyuta ya namna hiyo inamwambia mwenyewe kwamba diski moja imeshindwa, au kwamba safu imedhoofika. Kwa maoni yetu, yanayofanywa kwa haraka katika saa ya kwanza ya siku hiyo huharibu kazi za watu kuliko ubovu wa diski yenyewe.

Safu ya diski hufanya nini

Jina RAID lilianza kujulikana mwaka 1988, David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walipoandika kwamba diski nyingi za bei nafuu zikipangwa vizuri zinaweza kufanya kazi ya diski moja kubwa ya bei ghali. Mpangilio una aina kadhaa, na mtumiaji hana budi kujua yake ni ipi kabla ya kugusa kitu chochote.

RAID 0 hugawanya data katika diski mbili au zaidi ili kazi iende kasi. Haina kinga yoyote: diski moja ikifa, data yote imekwenda. RAID 1 huandika kitu kilekile katika diski mbili, kama karani anayejaza daftari mbili zinazofanana. RAID 5 huhitaji diski tatu au zaidi na huvumilia kifo cha diski moja. RAID 6 huhitaji nne au zaidi na huvumilia vifo viwili.

Namna RAID 5 inavyorudisha kilichopotea huwashangaza wengi, ilhali ni hesabu ya kawaida. Tuseme daftari la kwanza limeandikwa magunia 7, la pili magunia 5, na la tatu jumla yake, yaani 12. Daftari la pili likiungua, mtu huchukua 12, hutoa 7, na kupata 5. Kompyuta hufanya hesabu inayofanana na hiyo kwa kila kipande cha data. Lakini angalia: daftari la pili likiwa limekwisha kuungua, kosa dogo tu katika daftari la kwanza au la tatu litaleta jibu la uongo, au halitaleta jibu kabisa. Hiyo ndiyo hali ya safu iliyodhoofika. Bado inasomeka, faili zinafunguka, mwenye kompyuta anaona kila kitu ni shwari, kumbe kinga imekwisha.

Tena, RAID si nakala rudufu. Ukifuta faili kwa bahati mbaya, diski zote hufuta pamoja. Kirusi kikifunga faili, hufunga za diski zote. Mwizi akibeba kompyuta, amebeba safu nzima.

Kabla ya kutengeneza, nakili

Ishara ya kosa huja kwa sura mbalimbali. Kompyuta nyingine huandika neno Degraded inapowashwa. Visanduku vidogo vya kuhifadhia data, kama vile vya Synology na QNAP, hulia mlio na kuwasha taa ya rangi ya chungwa au nyekundu. Katika Linux, faili iitwayo /proc/mdstat huonyesha alama kama [UU_], ambapo kila U ni diski iliyo hai na mstari wa chini ni diski iliyotoka katika safu.

Ukiona ishara hiyo, usizime na kuwasha kompyuta mara kwa mara kwa matumaini kwamba kosa litajiondokea. Usichomoe diski ili uichomeke tena. Zaidi ya yote, usikubali swali lolote la kompyuta linalotumia maneno kama kuanzisha upya diski, kuiumbiza au kuunda safu mpya. Maswali hayo huandikwa kwa lugha ya upole, na jibu la ndiyo hufuta.

Soma kwanza ujumbe, kisha uuandike neno kwa neno katika karatasi au uupige picha kwa simu. Andika tarehe na saa. Kisha, ikiwa safu bado inafunguka, chukua diski ya nje na unakili vitu usivyoweza kuvipata tena. Usianze na filamu za kuangalia wala programu, kwa kuwa hizo zinapatikana kwingine. Anza na hesabu, orodha za wanachama, picha za wateja ambazo hazijakabidhiwa, picha za wazee wa familia. Hatuna haja ya kueleza mpiga picha atamjibu nini bibi harusi ambaye sherehe yake haiwezi kurudiwa.

Kuna mafundi watakaokuambia ununue diski mpya mara moja na kuiweka ili safu ijijenge upya, halafu ndipo unakili. Ushauri huo una hatari. Kujenga upya hulazimisha diski zilizobaki zisomwe kutoka mwanzo hadi mwisho bila kupumzika, na mara nyingi diski hizo zilinunuliwa siku moja na ile iliyokufa, zimefanya kazi saa zilezile na kupata joto lilelile. Nakili kwanza hata kama itachukua usiku mzima.

Safu isipofunguka kabisa, na data ni ya thamani, mambo ni tofauti: zima kompyuta na usijaribu lolote. Kila jaribio la kuandika hupunguza uwezekano wa mtaalamu kurejesha kilichobaki.

Ni diski, ni waya, au ni umeme?

Si kila diski iliyotolewa katika safu imekufa. Kuna watu walionunua diski mpya kumbe waya wa data ulikuwa umelegea. Ndiyo maana uchunguzi huja kabla ya kwenda dukani.

Diski kuu, ambayo mafundi wengi huiita hadi diski, hujiwekea kumbukumbu za afya yake kwa utaratibu uitwao SMART. Katika Windows zinaweza kusomwa kwa programu ya bure ya CrystalDiskInfo. Katika Linux, kwa amri smartctl -a ikifuatiwa na jina la diski. Ikiwa diski zimefichwa nyuma ya kidhibiti cha RAID, huenda programu isizione moja moja. Hapo tumia programu ya kidhibiti chenyewe.

Orodha inayotokea ni ndefu na inatisha, ila namba chache ndizo za kutazamwa. Namba 5 huhesabu sekta mbovu ambazo diski imekwisha kuzihama na kutumia za akiba. Namba 197 huhesabu sekta zinazosubiri, yaani zile ambazo diski ilishindwa kuzisoma na bado haijaamua hatima yake. Namba 198 huhesabu zile zilizoshindikana katika ukaguzi. Thamani ghafi za namba hizi zinapaswa kuwa sifuri. Zikiongezeka kutoka wiki hadi wiki, diski inakwenda. Watafiti wa Google waliochunguza diski zaidi ya 100,000 walieleza mwaka 2007 kwamba diski ikishapata kosa lake la kwanza la ukaguzi, uwezekano wa kufa ndani ya siku 60 ulikuwa mara 39 ya ule wa diski isiyo na kosa hilo. Watafiti haohao waligundua pia kwamba zaidi ya nusu ya diski zilizokufa hazikuwa na kosa lolote katika dalili nne kuu walizozitazama. Kwa hiyo dalili mbaya ni za kuaminiwa, lakini ukimya si ushahidi wa afya.

Namba 199 ina habari nyingine kabisa. Hiyo huhesabu makosa yaliyotokea data ilipokuwa njiani kati ya diski na kompyuta. Ikipanda huku 5, 197 na 198 zikiwa sifuri, mshuku waya wa data kwanza. Zima kompyuta, chomoa umeme ukutani, badilisha waya, kisha uitazame tena baada ya siku kadhaa. Namba yenyewe hairudi sifuri. Kinachotafutwa ni kwamba imeacha kupanda. Na usishtushwe na namba 1 na 7 katika diski za Seagate, ambazo huonyesha mamilioni hata diski ikiwa mpya, kwa sababu ya namna kampuni hiyo inavyoziandika.

Diski mbili au tatu zikitoka kwa dakika ileile, karibu kamwe si diski zenyewe. Tazama pawa saplai, waya wa umeme unaozigawia, au kidhibiti. Hali hii huonekana baada ya umeme kukatika na kurudi kwa kishindo, au baada ya radi za masika. Singida ina msimu mmoja wa mvua, unaoanza takriban Novemba au Desemba hadi Aprili, na huo ndio wakati wa kuchomoa kompyuta ukutani wingu linapokusanyika. UPS si anasa kwa mwenye RAID. Umeme ukikatika katikati ya kuandika, safu ya RAID 5 inaweza kuachwa na data mpya katika daftari moja na jumla ya zamani katika jingine, na tofauti hiyo isionekane mpaka siku ya kurejesha. UPS iunganishwe na kompyuta kwa waya wake wa mawasiliano ili iizime kwa utaratibu betri inapokaribia kwisha. UPS inayolia tu wakati mwenyewe yuko shambani haijasaidia kitu.

Kiangazi kina adui wake. Upepo wa Singida, ambao umewavutia hata wapangaji wa miradi ya umeme wa upepo, hubeba vumbi jekundu linaloziba feni na matundu ya sanduku la kompyuta. Feni ikiziba, joto hupanda. Diski nyingi za mezani huandikwa kwamba zinavumilia hadi nyuzi 60 za sentigredi, lakini ni busara kuziweka chini ya 45. Joto huonekana katika namba 194. Safisha kwa brashi laini kompyuta ikiwa imezimwa na kuchomolewa. Usizibe tundu dogo lililo juu ya diski, kwani hulitumia kusawazisha hewa, na usiifungue diski kwa sababu yoyote ile. (Wapo wanaouliza kama mwinuko wa mji, takriban mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, unadhuru diski. Hapana, diski za kawaida huruhusiwa hadi karibu mita 3,000.)

Ipo sababu moja zaidi ambayo hata mafundi huisahau. Diski ya kawaida ya mezani ikikuta sekta ngumu kusoma hung'ang'ana nayo, pengine kwa dakika moja au zaidi. Kidhibiti cha RAID hakina subira hiyo: vingi husubiri sekunde chache tu, kisha huitangaza diski kuwa imekufa. Diski zilizotengenezwa kwa ajili ya safu hukata tamaa baada ya sekunde 7 na kuiachia safu irekebishe kwa kutumia diski nyingine. Kwa hiyo diski inayotoka katika safu mara kwa mara, ilhali ikipimwa peke yake inaonekana nzima, huenda si mbovu sana. Imewekwa tu mahali pasipo pake.

Kutambua diski yenyewe

Ukishathibitisha kwamba diski ni mbovu, ioanishe na namba yake ya utambulisho iliyobandikwa juu yake. Usitegemee kwamba diski ya pili kwenye skrini ndiyo ya pili ndani ya sanduku. Kuchomoa diski nzima kutoka RAID 5 ambayo tayari imepoteza moja ni kuiangusha safu yote. Afadhali siku ya kufungiwa kompyuta umwombe fundi abandike karatasi kwa kila diski yenye tarakimu nne za mwisho za namba hiyo, na aandike mpangilio wa safu katika karatasi utakayoitunza nje ya kompyuta.

Kununua diski mbadala

Diski mpya isiwe ndogo kuliko iliyokufa. Diski mbili zilizoandikwa terabaiti 4 zinaweza kutofautiana kidogo, na safu hukataa ile pungufu hata kwa sekta chache.

Uliza pia namna diski inavyoandika. Aina iitwayo SMR hupanga njia za data zikipandana kama vigae vya paa, na kwa hiyo huwa nzito sana inapoandikwa mfululizo kwa saa nyingi, jambo ambalo kujenga upya safu hulihitaji. Aina iitwayo CMR haina tatizo hilo. Mwaka 2020 kampuni ya Western Digital ilikiri kwamba baadhi ya diski zake za WD Red, zilizouzwa kwa ajili ya safu za nyumbani, zilikuwa za SMR bila wanunuzi kuelezwa. Baadaye ilitenga jina la WD Red Plus kwa zile za CMR. Andika jina kamili la modeli, ulitafute katika jedwali la mtengenezaji, kisha ndipo utoe fedha.

Udanganyifu wa pili ni diski iliyotumika kuuzwa kama mpya. Mwanzoni mwa mwaka 2025 wanunuzi nchini Ujerumani waligundua kwamba diski za Seagate walizouziwa na wafanyabiashara kuwa mpya zilikuwa zimefanya kazi maelfu ya saa, na kumbukumbu zake za SMART zilikuwa zimerudishwa sifuri. Diski husafiri kwa mikono mingi kabla ya kufika Kariakoo na hatimaye Singida, hivyo mnunuzi wa hapa hana sababu ya kujiona yuko salama zaidi. Mwombe muuzaji aichomeke mbele yako. Namba 9 huonyesha saa ilizofanya kazi. Diski mpya huwa na sifuri au saa chache. Kwa diski za Seagate kuna kumbukumbu ya pili iitwayo FARM, isiyofutwa kwa urahisi, na toleo jipya la smartctl huisoma kwa amri -l farm. Saa za kumbukumbu hizo mbili zisipolingana, rudisha diski.

Dai risiti ya mashine ya kielektroniki yenye jina la duka, na juu yake au katika hati ya dhamana iandikwe modeli na namba ya diski. Maneno ya kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi, yaliyobandikwa katika maduka mengi, hayampi muuzaji ruhusa ya kuuza kitu tofauti na alivyokieleza. Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji katika biashara, na malalamiko hupelekwa Tume ya Ushindani, maarufu kama FCC. Anza kwa kumwandikia muuzaji, utaje tarehe, namba ya risiti na kasoro, na ubaki na nakala. Barua fupi yenye namba sahihi ina nguvu kuliko ugomvi mrefu kaunta.

Kujenga upya

Sasa nakala rudufu ipo, na diski mpya imepimwa. Jaribio refu la smartctl -t long kabla ya kuiweka huchukua saa kadhaa na linastahili.

Kujenga upya hakuna njia ya mkato. Diski ya terabaiti 4 inayoandikwa kwa megabaiti 150 kila sekunde huhitaji zaidi ya saa 7, na zaidi sana ikiwa kompyuta inaendelea kutumiwa. Chagua siku ambayo hakuna tangazo la kukatwa umeme, acha feni ikipuliza, na usifanye kazi nyingine.

Wenye RAID 5 kubwa wajue hatari moja. Watengenezaji wa diski nyingi za nyumbani huandika kwamba kosa lisilorekebishika linaweza kutokea mara moja katika biti 10 zikizidishwa zenyewe mara 14, yaani takriban terabaiti 12.5. Safu ya diski nne za terabaiti 4, moja ikifa, hulazimika kusoma terabaiti 12 ili ijijenge. Hicho ni kiwango cha juu cha makosa na diski nyingi hufanya vizuri kuliko hapo, lakini kinaonyesha kwa nini tumesisitiza kunakili kwanza, na kwa nini kwa diski kubwa tunapendelea RAID 6, au RAID 1 kwa mwenye diski mbili.

Kazi ikiisha, weka ukaguzi wa safu nzima kila mwezi. Ukaguzi huo huzikuta sekta mbovu wakati bado kuna diski nyingine ya kuzirekebishia.

Diski ya zamani na siri zilizomo

Fundi anayechukua kompyuta yako amechukua pia orodha za wanachama, namba zao za simu na picha za watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde, na chama au studio haiondokewi na wajibu huo kwa sababu kompyuta iko kwa fundi. Mkabidhi kwa maandishi: diski ngapi, namba zake, kazi aliyoombwa, na kwamba hatafuta wala kunakili chochote bila idhini yako.

Diski iliyokufa usimwachie fundi kama sehemu ya malipo, wala usimpe mnunuzi wa vyuma chakavu ikiwa nzima. Diski ya RAID 1 ina data yako yote, na hata ya RAID 5 ina vipande vinavyosomeka. Ikiwa bado inawaka na ina dhamana, ifute yote kwa programu kabla ya kuirudisha dukani. Ikiwa haiwaki na taarifa zilizomo ni nyeti, pima kama thamani ya dhamana inazidi siri za watu waliokuamini. Ukiona haizidi, toboa diski hiyo kwa drili mahali pawili au patatu hadi kwenye sahani za ndani. Vaa miwani ya kinga, kwani sahani za diski ndogo za kompyuta mpakato mara nyingi ni za kioo na hupasuka vipande vipande.